Kuwasha kwa Ngazi ya Vyeo

Programu ya kusajili ndoa ilianguka saa nne na dakika kumi, pale Karani alipobonyeza "Hifadhi" chini ya jina la bwana harusi. Skrini ikawa ya buluu, kisha nyeusi. Bwana harusi aliielewa skrini hiyo kuliko mtu yeyote chumbani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa ofisi hiyo hiyo. Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa likizo. Alivaa suti ya kijivu na kuketi upande wa pili wa meza, mahali pa wateja.

Bibi harusi, mwalimu wa chekechea, aliitazama saa ya ukutani.

"Mara ya kwanza seva," alisema. "Mara ya pili mashine ya kuchapisha. Leo nini?"

"Programu tu. Itarudi."

"Irudi mapema. Saa sita ikinikuta hapa sijaolewa, naondoka. Na mara ya nne haipo."

Hakuwa anatania. Mara mbili ndoa iliahirishwa kwa sababu Fundi aliitwa kazini, naye hakujua kukataa. Safari hii aliomba likizo, kisha akachagua ndoa ifungwe ofisini kwake. Aliamini kwamba mtu hawezi kuitwa mahali ambapo tayari yupo.

Mkuu wa ofisi alitoka chumbani mwake akiwa ameshika karatasi.

"Waraka namba saba!" alitangaza. "Programu ikianguka, vifaa vyote vinazimwa. Kisha vinawashwa kwa kufuata ngazi ya vyeo. Mimi kwanza, Karani wa pili, na kuendelea hadi chini."

"Mkuu, Fundi yupo hapa," Karani alinong'ona.

"Simwoni fundi. Namwona bwana harusi. Aliye likizo hagusi kifaa cha ofisi. Kanuni hiyo aliiandika nani?"

"Wewe, Mkuu."

"Basi ni kanuni nzuri."

Vifaa vyote vilizimwa. Mkuu akawasha kompyuta yake, Karani akafuata, na wa mwisho kabisa akawa mhudumu wa usafi, ambaye wote walimwita Shangazi. Yeye aliingia stoo ya mafagio na kubonyeza swichi iliyokuwa humo. Programu ilifunguka vizuri, ikaandika: "Hakuna mtandao." Bila mtandao, hakuna aliyeweza kuhakikisha kwamba Fundi hana mke mwingine.

"Tunarudia," alisema Mkuu. "Bila shaka kuna mtu aliyemtangulia mkubwa wake."

Walirudia, na jibu likawa lile lile. Ilikuwa saa tano na nusu. Fundi alikuwa amekalia viganja vyake ili visimponyoke.

Mjomba wa bibi harusi, aliyekuja kama shahidi akiwa amevaa viatu vinavyombana, alitikisa kichwa. "Mganga hajigangi," alisema. "Huyu hata chupa ya dawa haruhusiwi kuishika."

Mwalimu alimgeukia mchumba wake. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa miaka mitano."

"Mtandao unaingia jengoni kwa kisanduku kimoja," alisema Fundi. "Kiliwekwa stoo ya Shangazi kwa sababu ndiko kulikobaki tundu la umeme. Kompyuta ikiwaka, inakiomba kisanduku anwani. Isipojibiwa, inajitungia anwani ya uongo na kukaa nayo, kama mgeni aliyepotea anayeona haya kuuliza njia."

"Kwa hiyo Shangazi ndiye awashe kwanza."

"Ndiyo. Nilishaandika barua tatu."

"Na Mkuu?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Wa mwisho ndiyo salama. Kisanduku kinachelewa kuamka."



"Mimi?" alisema Mkuu. "Nifuate nyuma ya ufagio?"

"Hata mimi sitaki, wanangu," alisema Shangazi kutoka mlangoni. "Nipandishwe cheo saa tano, nishushwe saa sita? Magoti yangu hayawezi ngazi hizo."

Fundi aliinuka nusu.

"Kaa," alisema Mwalimu, naye akakaa. Kisha Mwalimu alimwendea Mkuu, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima. "Samahani, Mkuu. Kwenye mahafali, nani huingia ukumbini wa mwisho?"

"Mgeni rasmi."

"Kwa nini si wa kwanza?"

"Kwa sababu shughuli haiwezi kuanza bila…" Mkuu alisita. "Na watu wote husimama."

"Wote, Mkuu."

Mkuu alilitoa koti lake kwenye msumari, akalivaa na kulifunga vifungo vyote. Vifaa vikazimwa kwa mara ya tatu. Shangazi aliwasha kisanduku chake akiwa amefumba macho. Taa tatu za kijani zilisimama imara. Karani akafuata. Mkuu alitoka hadi koridoni, akarudi kwa hatua za taratibu, lakini alipofika kwenye kompyuta yake aligeuka.

"Mzee yule hakusimama."

"Viatu, mwanangu," alisema Mjomba.

Mkuu alitoka tena. Mjomba alivua viatu na kusimama na soksi. Mkuu aliingia upya, akabonyeza. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na moja, na mtandao ukarudi.

Karani alisoma mbiombio. Bwana harusi hana mke. Bibi harusi hana mume. Wanakubali? Walikubali. Karani akasogeza kibao cha kielektroniki cha kuwekea saini, na Fundi akanyoosha mkono.

"Usiguse!" alisema Mkuu. "Kifaa cha ofisi."

"Basi nifutie likizo."

"Nikiifuta utakuwa kazini. Mtumishi haruhusiwi kuoa saa za kazi."

Saa ya ukutani ilionyesha dakika tatu kabla ya saa sita. Mwalimu alichukua mkoba wake. Fundi aliuona mkoba ukipanda begani. Lakini Mwalimu hakwenda mlangoni. Alikuja nyuma ya kiti, akaushika mkono wa Fundi kwenye kifundo kama anavyowashika watoto wanaojifunza herufi.

"Mimi siko likizo wala sijaajiriwa hapa," alimwambia Mkuu. "Ninayeandika ni mimi. Huu mkono ni kalamu tu."

Mkuu aliupekua waraka namba saba mbele na nyuma. Kalamu hazikutajwa.

Saini ilitoka kubwa, ya mviringo, safi kama ya ubaoni. Kisha Mwalimu akaweka ya kwake. Karani alibonyeza "Hifadhi" dakika moja kabla ya saa sita, na safari hii hakuna kilichoanguka.

"Cheti!" alisema Karani, akaagiza kichapwe. Mashine ya kuchapisha ilinguruma pembeni, ikatafuna karatasi hadi nusu, ikakwama. Wote waligeuka na kumtazama Fundi. Mkuu naye alimtazama, kisha akaugeuzia uso wake dirishani, kama mtu asiyeona kitu.

Fundi aliijua mashine ile. Ilihitaji kufunguliwa mlango wa nyuma na kuvutwa karatasi polepole, kazi ya nusu dakika. Alisimama.

"Niko likizo," alisema Fundi.

Akaviokota viatu vya Mjomba, akampa mke wake mkono, wakatoka, Mjomba akiwafuata na soksi zake.