Nyumba Yenye Redio Tisa

Kufikia saa nne asubuhi Jemutai alikuwa amemaliza nyumba tatu, na zote hazikuwa na kitu. Si redio, si meko ya gesi, si baiskeli. Alikuwa karani wa utafiti wa umaskini katika kijiji kilicho chini ya machimbo ya Kariandusi, kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo, na kishikwambi chake kilijaa "hakuna" tupu. Kwa Mzee Mathenge aliona alama nne za miguu ya sofa, zimebonyea kwenye sakafu ya udongo.

"Sofa imeenda wapi, mzee?"

"Sofa gani?" Mathenge aliuliza, akiangalia mabati.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Chepkemboi, mjane mwenye kishamba cha mahindi. Mlango ulifunguka nusu ukakwama. Jemutai akapenya ubavu ubavu, akabaki mdomo wazi. Pikipiki mbili. Sofa tatu zimepandana kama magunia. Mitungi ya gesi imepangwa hadi chini ya kitanda.

"Mama, uko na redio?" akauliza, maana ndivyo fomu ilivyotaka.

"Niko nazo."

"Ngapi?"

Chepkemboi akageuka, akahesabu kwa kidole. "Tisa."

Jemutai alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaketi kwenye sofa ya mtu asiyemjua, na Chepkemboi naye akacheka huku akijifuta macho kwa leso.

"Msichana wangu, majirani walisikia mwenye vitu hatapewa msaada. Wakaniletea vyao jana nivifiche, kwa sababu kila mtu anajua mimi sina kitu. Lakini mimi ni mama wa kanisa, siwezi kukudanganya."

Kicheko kiliwavuta majirani. Walipoona mlango wazi, waliinamisha vichwa, Mathenge akiwa wa kwanza.

"Sikuja na orodha ya msaada," Jemutai akawaambia. "Hata majina yenu hayatasomwa popote. Tunataka kujua kila eneo linakosa nini: shule, matibabu, choo, maji. Mtu anaweza kuwa na redio na bado awe na shida. Mkificha, ripoti itasema hapa mnahitaji sofa."

Linah, mke wa mchimbaji mmoja, akasogea mbele. "Umesema maji? Kuna swali la maji?"

"Liko. Kwenda kuteka na kurudi ni dakika ngapi. Mzee Mathenge alisema kumi na tano."

Wanawake waliangua kicheko ambacho bila shaka kilisikika hadi machimboni.

"Huyu!" Linah akasema. "Ameshawahi kuteka maji lini?"

Mathenge alijaribu kujitetea, lakini mkewe alikuwa tayari amemtia mtungi wa maji wa lita ishirini mkononi. Wakaondoka wote, Jemutai akiwa ameweka saa kwenye simu. Njia ilishuka korongoni kupitia vumbi jeupe la machimbo, ikapanda, ikashuka tena. Kisimani kulikuwa na foleni. Kurudi, Mathenge alipumzika mara sita, na kila mara wanawake walimsubiri kwa adabu, wakiuma midomo wasicheke.

"Saa moja na dakika arobaini," Jemutai akasoma walipofika.

Mathenge aliketi chini, shati limelowa. Akamgeukia mkewe. "Na unaenda mara mbili kwa siku?"

"Tatu, siku ya kufua."

"Andika hiyo," akamwambia Jemutai. "Futa yangu."

Jioni hiyo kila mtu alibeba vyake, na Jemutai akarudia nyumba zote upya.

Miezi minane baadaye ripoti ilisomwa kwenye baraza la chifu. Kwa vyombo vya nyumbani, kijiji hakikuwa kibaya. Kwa maji, kilikuwa cha mwisho katika eneo zima, na wataalamu wa visima wangekuja mwezi uliofuata kupima mahali pa kuchimba kisima cha karibu. Chifu akaomba wachague kamati ya maji. Wanawake wakainua mikono kwa Linah, kwa Chepkemboi, halafu, bila kushauriana, kwa Mathenge.

"Mbona mimi?" akauliza.

"Wewe ndiye mwanaume pekee anayejua njia," mkewe akamjibu.

Akasimama, akakubali.