Kofia ya Dola Kuu

Mzee Raimundi Kapinga alikuwa na maoni mazito kuhusu manowari. Hakuwa amepata kuiona hata moja, kwa kuwa Ziwa Nyasa lina meli za abiria na mitumbwi tu. Lakini kila jioni, taarifa ya habari ilipokwisha redioni, aliteremka hadi duka la Adinani Gama pale Mbamba Bay, akaketi juu ya kreti la soda, mgongo umenyooka kana kwamba yumo kanisani, akaanza kuzipanga upya manowari za dunia.

"Wameingia katika ugomvi wa watu bila kuuliza, na sasa wanatoka bila kuaga," alisema jioni moja. "Leo wanampa huyu silaha, kesho wanamwekea vikwazo, kesho kutwa wanamwita rafiki. Hiyo si sera ya mambo ya nje, hiyo ni homa ya vipindi. Ningekuwa mimi..."

"Ungekuwa wewe, Mmatengo," Adinani alimkatiza huku akipima sukari, "ungekimbilia mlimani ukajichimbia mashimo, kama walivyofanya babu zako walipotuona tunakuja."

"Mashimo hayo yanaitwa ngoro, ndugu yangu, na mahindi yaliyoota humo ndiyo mliyokuwa mkija kuiba. Kulima wenyewe hamkujaliwa."

Adinani alicheka hadi sukari ikamwagika. Yeye alikuwa Mngoni. Babu zao walipigana, na wajukuu wa vita ile walirithi utani. Mtani husema lolote. Mtani aweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, akakaa nacho mpaka ukikomboe, na wewe umekatazwa kununa. Mzee Raimundi, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hakuna mtoto aliyewahi kuyaona meno yake, aliiheshimu sheria hiyo kama alivyoziheshimu nyingine zote.

Na sheria iliyokuwa juu ya zote ilikuwa moja: hakuna upendeleo. Enzi zake shuleni, mwanawe Bernadi alipochelewa gwaride pamoja na wenzake, wenzake walichapwa, na Bernadi akachapwa zaidi, isije ikasemwa. Na kweli haikusemwa. Jina la Mwalimu Kapinga lilivuma, safi, mpaka Chiwanda. Bernadi alilala kifudifudi.

Ndipo ikafika Siku ya Wazazi katika shule ya sekondari iliyo juu ya ghuba. Mwalimu Edina wa somo la Uraia alikuwa ameandaa Baraza la Usalama la kuigiza, na mgogoro wake aliutunga mwenyewe. Kulikuwa na Jamhuri ya Mlimani, yenye kahawa na chanzo cha mto. Kulikuwa na Jamhuri ya Ufukweni, yenye bandari. Ufukweni imeifungia Mlimani bandari. Mlimani imeizibia Ufukweni mto. Kila moja yasema mwenzake ndiye aliyeanza, na mipakani bunduki zimekwisha kuanza kulia. Kati yao yupo Dola Kuu, mwenye fedha, manowari na sauti ya mwisho. Dola Kuu huyo hakupewa jina, kwa sababu maktaba ya shule ilijengwa na marafiki kutoka nje, na Mwalimu Edina hakupenda kumuudhi mtu.

Chini ya mchezo huo kulikuwa na jambo lisilo mchezo. Shule ilikuwa na nafasi moja tu katika mdahalo wa mkoa kule Songea. Aliyesimama kwa ajili ya Mlimani alikuwa Gaudiosa, binti wa Bernadi, aliyeitamani Songea tangu kidato cha kwanza, hata mbuzi wa nyumbani walikwisha kuzoea kuhutubiwa. Aliyesimama kwa ajili ya Ufukweni alikuwa Omary, mjukuu wa Adinani. Walimu walikuwa wamewapima muhula mzima na kushindwa kuwatenganisha. Hivyo ikaamriwa kwamba nchi ambayo Dola Kuu ataiunga mkono mwishoni, mjumbe wake ndiye aendaye Songea.

Asubuhi ile Mwalimu Edina alimfuata Mzee Raimundi getini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Sixbert wa Ngumbo, ndiye aliyekuwa Dola Kuu, ameamka na matubwitubwi. Mashavu yamevimba, hawezi kutamka neno. Hapa hakuna ajuaye mambo haya kama wewe, mzee wangu. Tunaomba ukalie kiti chake."

"Mjukuu wangu yumo," alisema Mzee Raimundi.

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Nani asiyejua kwamba hupendelei?"

Alifungua kinywa akatae. Alijisikia mwenyewe akiuliza kama kiti hicho kina mikono.

Kilikuwa nayo. Kiliwekwa jukwaani, na mbele yake meza yenye kengele ya shaba. Mzee Raimundi aliivua kofia yake ya pama, akaiweka kando ya kengele, akaupangusa upara, na kutazama chini: wazazi mabenchini, Adinani mbele kabisa na kanzu iliyopigwa pasi, Bernadi nyuma karibu na mlango. Aligonga kengele ili kuijaribu. Ukumbi wote ulinyamaza. Aligonga tena, ingawa hapakuwa na haja.

"Dola Kuu ameamka vizuri?" aliuliza Adinani kwa sauti ya chini iliyosikika kila mahali. "Maana tumesikia amevimba mashavu."

"Manowari yangu iko njiani," Mzee Raimundi alijibu kwa utulivu, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Utamu ulimpanda kutoka miguuni hadi utosini. Miaka yote hiyo aliziagiza manowari juu ya kreti la soda na hakuna iliyomtii. Sasa alinyoosha kidole tu, na mwanafunzi mmoja akaisogeza meli ya boksi juu ya ramani. Aliisogeza kusini. Aliirudisha kaskazini. Aliongeza ya pili.

Omary alizungumza kwanza, akasema vyema kwamba watu wa Ufukweni wanakunywa maji ya matope. Kisha akasimama Gaudiosa. Hakupaza sauti. Alisema Mlimani iko tayari kuufungua mto siku ileile ambayo malori yake ya kahawa yataingia bandarini, saa ileile, mto na lango pamoja, ili asiwepo wa kuonekana ameshindwa. Alieleza nani atashika ufunguo upi na nani atahesabu malori. Mzee Raimundi alimsikiliza, na fahari ikamchemka kifuani kama uji unaotaka kumwagika jikoni. Hoja ile yeye mwenyewe asingeipata.

Alikaribia kutikisa kichwa kukubali. Ndipo alipoyaona macho. Kila mzazi alikuwa amemkodolea yeye, si msichana, wakingoja kuona damu itavuta upande gani. Mgongo ukamnyooka zaidi.

"Jamhuri ya Mlimani," alisema kwa ukali, "naiwekea vikwazo. Kahawa yake isinunuliwe popote."

Mnong'ono ulipita mabenchini.

"Na Jamhuri ya Ufukweni," aliendelea, kwa kuwa mnong'ono ule aliusikia kama sifa, "naipa mizinga."

Omary alimtazama Mwalimu Edina, kisha akaitazama ramani. "Mheshimiwa, sisi hatukuomba mizinga. Tuliomba maji."

"Mtapewa mizinga tu."

"Tukaipeleke wapi, Mheshimiwa?"

"Hilo ni suala lenu la ndani."

"Ipokee, mwanangu," alisema Adinani. "Kwetu dukani tutaifanya rafu za sabuni."

Wazazi walikuwa wanajipigapiga mapaja. Mzee Raimundi aligonga kengele, akaongeza manowari ya tatu, akazuia fedha za Mlimani, akaifunga anga yake. Na kila alipoongeza adhabu alijisikia mwepesi na msafi zaidi, kama mtu anayeoga. Meli za boksi zilipokwisha, aliagiza viberiti vitumike.

Gaudiosa alinyoosha mkono. Hakuwa na machozi. Alikuwa na uso ule ule ambao Mzee Raimundi aliuona kila asubuhi kwenye kioo chake cha kunyolea ndevu.

"Mheshimiwa Dola Kuu," alisema, "umeleta manowari nyingi, nasi hatujakusikia ukitaja mto. Huamui habari zetu. Unaamua habari za nyumbani kwako, watu wa huko watasema nini juu yako. Unampiga rafiki yako zaidi ili uonekane mnyoofu, na huyu mwingine unampa asichokiomba. Mimi namjua mtu aliyepata kuchapwa kwa sera hiyohiyo. Hakuwa amechelewa kuliko wenzake."

Kule mlangoni Bernadi alikohoa. Wale wa rika lake waliomfahamu mwalimu wao waligeuka kumtazama, na mmoja wao akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika.

Masikio ya Mzee Raimundi yalipata moto. Alinyoosha mkono aigonge kengele ili amnyamazishe msichana, na mkono ukashika meza tupu. Kengele haikuwapo. Kofia haikuwapo. Adinani alikuwa amesimama chini ya jukwaa, kofia ya pama kichwani ikiwa imemfunika mpaka nyusi, kengele mkononi.

"Nimeteka," alisema Mngoni yule. "Mmatengo, njoo ukomboe."

Ilikuwa haki yake, na hapakuwa na wa kunung'unika. Mzee Raimundi alishuka jukwaani kwa mwendo wa mtu asiyemfukuza mtu. Adinani aliongeza hatua, naye akaongeza. Walitoka kwa mlango wa pembeni, wakapita kwenye masufuria ambako akina mama walikuwa wakikaanga usipa, dagaa wa ziwani, wakazunguka tangi la maji, kanzu mbele, suti nyuma, kengele ikilia kila hatua. Akina mama walipiga vigelegele. Watoto wa shule ya msingi ya jirani walitoka madarasani. Kwenye mzunguko wa pili Mzee Raimundi alisahau kutembea, akakimbia.

"Hata leo mnakimbia," Adinani aliita bila kugeuka.

"Leo nakimbiza mimi," Mzee Raimundi alihema, "waambie na babu zako."

Alimkamata kwenye nguzo ya bendera, wote wawili wameishiwa pumzi, wameshikana mabega kama watu wanaopatana. Adinani alikataa katakata kuiachia kofia. Bei yake, alisema, ni debe la kahawa ya Mbinga, iliyokaangwa.

Waliporudi ukumbini, Dola Kuu akiwa kichwa wazi na tai imeruka begani, walikuta Gaudiosa na Omary wameinama juu ya ramani. Viberiti vilikuwa vimeondolewa. Vipande viwili vya chaki vilisimama, kimoja kwenye mto, kingine kwenye bandari.

"Tumeshamaliza, Mheshimiwa," alisema Omary.

"Mmemaliza nini?"

"Mgogoro. Mto na bandari vinafunguliwa pamoja. Malori tunahesabu sisi, maji wanapima wao."

"Bila mimi?"

"Ulikuwa na shughuli," alisema Gaudiosa kwa adabu.

Mwalimu Edina alikuna kichwa. Mkataba ulikuwa mzuri, alisema, lakini nafasi ya Songea ni moja, na taratibu zinataka Dola Kuu aunge mkono nchi moja. Gaudiosa aliiangalia sakafu. Mzee Raimundi aliona vidole vya mjukuu wake vikiubana mkunjo wa sketi, akajua kwamba neno lake moja lingempa Songea, na kwamba neno hilo hajawahi kulitamka maishani.

Omary ndiye aliyesema. "Mimi nilikuwa na mizinga yote, na bado nilikuwa na kiu. Hoja ya kufungua vyote pamoja ni yake, mimi nilitia sahihi tu. Ufukweni inampeleka yeye."

"Haiwezekani," Mzee Raimundi aliruka. "Ni mjukuu wangu. Itasemwa kwamba..."

Kengele ililia sikioni mwake.

"Dola Kuu, keti," alisema Adinani kutoka chini ya kofia. "Hakuna aliyekuuliza."

Na kwa kuwa aliyesema ni mtani, na kununa kumekatazwa, Mzee Raimundi aliketi. Hapo ndipo kitu kilipomkatika ndani, kama kifungo cha shati lililobana kwa miaka mingi. Kilianza tumboni, kikapanda, naye akakiachia: alicheka mbele ya watoto, meno nje, hadi akashika mikono ya kiti isije ikamwacha. Gaudiosa alikuwa analia na kucheka pamoja, wenzake wamemnyanyua juu. Bernadi alipita katikati ya mabenchi, akaja akasimama nyuma ya kiti cha baba yake.

"Leo hakuchapwa mtu, baba," alimwambia.

"Hakuchapwa," alisema Mzee Raimundi, na akaushika mkono wa mwanawe uliokuwa begani kwake, asiuachie hadi chakula kilipopakuliwa.

Debe la kahawa lilikuwa tayari kabla ya Jumapili, limekaangwa vizuri, linanukia nyumba nzima. Hakulipeleka. Aliketi kwenye kreti lake jioni baada ya jioni akiwa kichwa wazi, redio ikitaja manowari naye asiitikie, na nyuma ya kaunta Adinani akipima sukari ndani ya kofia ya pama.

"Shikamoo, Mwalimu," wateja walisema. "Kofia yako mbona iko kwa Mngoni?"

"Marahaba. Kaa hapo," alijibu, na kumsogezea mgeni kreti la pili. "Unamfahamu mjukuu wangu Gaudiosa? Yule anayekwenda Songea?"

"Komboa kofia yako, Mmatengo, inaniwasha," alisema Adinani.

"Vumilia. Nitaikomboa akisharudi." Kisha alimgeukia mteja, akaanza tangu mwanzo, kwenye matubwitubwi ya Sixbert, asiruke hata kiberiti kimoja.