Mashine ya Marehemu Leonce

Mama Verediana hakumwamini mtu yeyote anayeulizia mashine ya marehemu mumewe, na huyu fundi wa kutoka Tunduru, Mwamvua, aliiulizia hata kabla hajakaa.

"Shikamoo mama. Ndiyo hii? Ya Ujerumani kabisa?"

"Marahaba. Kwani ikiwa ya Ujerumani ndiyo inakuwaje?"

"Inakuwa nzito tu, mama." Mwamvua alicheka. Verediana hakucheka.

Mtaa mzima wa Ruhuwiko ulijua kinachotafutwa kwenye vitu vya Mjerumani. Tangu msiba walishapita watu watatu mlangoni kwake, wamechomekea vizuri, adabu tele, wote wanataka kununua redio za zamani. Redio yenyewe hawana shida nayo. Wanataka zebaki nyekundu, ambayo eti imefichwa ndani ya mitambo ya zamani na inamtoa mtu kwenye umaskini siku hiyohiyo. Ukiisogezea kitunguu saumu inakimbia, ukiiwekea kioo haionekani. Upuuzi mtupu, na kwa upuuzi huo redio ngapi nzima zimepasuliwa kwa shoka mjini hapa.

Hii ilikuwa mashine ya kurekodia, ya tepu za magurudumu. Leonce aliichukua pale kituo kidogo cha redio alichofanyia kazi kilipofungwa, akahangaika nayo miaka sita mpaka ikasema. Tepu ya mwisho aliyorekodi ilikuwa bado juu yake, na ilikuwa na sauti yake. Verediana hakuwa na sauti ya mumewe mahali pengine popote. Hata kwenye simu Leonce alikuwa mtu wa kubipu tu. Lakini tangu azikwe, yapata miaka miwili, mashine ilikuwa bubu. Ndiyo maana mwanawe Fransisko, aliyeko Dodoma, alimtafuta huyu mwanamke, na ndiyo maana Verediana alivumilia kumwona akifungua skrubu za mfuniko wa nyuma.

Alivuta kigoda akakaa karibu kabisa. Alimkaribisha chai, Mwamvua akasema amefunga sunna. Hilo nalo Verediana aliliweka moyoni. Mtu gani anafunga na Ramadhani ilishapita?

Ndipo Mwamvua alipotia mkono kwenye mkoba, akatoa kioo kidogo na kukipenyeza ndani ya mashine.

Verediana alimdaka mkono. "Hicho kioo cha nini?"

"Cha kuonea chini ya vyuma, mama. Jicho langu halikati kona."

"Wenzako nao walikuja na vioo."

Mwamvua alielewa papo hapo. Hata kwao Tunduru wasaka zebaki wapo. Akamkabidhi kioo. "Basi shika wewe. Angalia, uniambie unachoona."

Verediana akainama. Aliona vumbi, nyaya, na taa za kioo, zile ambazo Leonce alikuwa akiziita valvu. Zilikuwa nne, na tundu moja tupu. Pembeni ya tundu kulikuwa na kitu kidogo kilichonyauka.

"Umeona nini?"

"Vumbi."

Mwamvua aliingiza koleo jembamba, akatoa punje ya kitunguu saumu na kuiweka mezani. "Kuna mtu alishapima hapa," alisema taratibu. "Na taa moja imetoka. Sikudanganyi mama, bila hiyo haisemi, na mpya siwezi kuipata. Unamshuku nani?"

Verediana angeweza kuwataja wale watatu. Alikuwa amewasingizia moyoni muda mrefu kiasi kwamba karibu aamini ni wao kweli. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, kwenye kipande cha kitenge, ilikuwemo taa, nzima.

"Wiki moja baada ya mazishi," alisema, akitazama sakafu. "Niliambiwa zebaki inakaa kwenye hii yenye weusi juu. Nilipokosa kitu, nikaogopa kuirudisha."

Mwamvua alisugua miguu ya taa kwa kitambaa, akaichomeka, akawasha. Wakasubiri taa zipate moto. Magurudumu yakazunguka, pakakwaruza, kisha Leonce akakohoa kikohozi chake kilekile. Verediana akashika mdomo.

"Moja, mbili, tatu," alisema Leonce. Mlango ukasikika ukifunguliwa kwenye tepu, na nyayo zikasogea. "Verediana, hapo nyuma usiguse, mama. Nimemaliza jana tu."