Mali ya Makumbusho

Nyawira alikuwa anakata sukuma wiki mezani, simu ameiegemeza kwenye kikebe cha chumvi, ukurasa wenye picha ukiwa wazi, baba yake alipobisha mlango. Ilikuwa Alhamisi jioni na maji yalikuwa yamepotea mtaani Umoja tangu mwanzo wa wiki. Alipangusa mikono akafungua. Muturi alikuwa amesimama pale nje na sanduku la bati kwapani, mguu mmoja wa suruali umekunjwa, vilevile alivyokuwa kwenye picha. Alikufa Nyawira akiwa darasa la kwanza.

Nyawira akamkaribisha, akamwomba avue viatu kwa sababu hakukuwa na maji ya kupigia deki. Muturi akavua.

Tatizo lilikuwa uso. Kuanzia nyusi ya kushoto hadi kidevuni, na kushuka mpaka begani, kulikuwa na maandishi ya kijivu yaliyolala mshazari: MALI YA MAKUMBUSHO. Alipogeuka kutafuta kiti, maandishi nayo yaligeuka, yakabaki yanamtazama Nyawira. Macho yake yalikuwa nyuma ya herufi. Pua na mdomo pia.

Picha yenyewe ilikuwa imefika mchana katika kundi la WhatsApp la wapangaji wa ploti yao. Makumbusho ya Kazi, jumba lililo upande ule mwingine wa mji, ambako watu wa Eastlands hufika mara moja tu maishani, wakipelekwa na shule, lilikuwa limetangaza kwamba limefungua hazina yake kwa umma wote. Zana, sauti, picha za zamani, kila kitu sasa kiko mtandaoni. Mtu abonyeze tu popote alipo. Nyawira alibonyeza. Akaona mafundi wa mabati wa Kamukunji wameketi mstari mmoja na kazi zao magotini. Chini yao paliandikwa: Mafundi, Nairobi. Majina hayajulikani.

Mama yake, Wacuka, aliisogeza simu hadi karibu iguse pua. Alimtambua mumewe kwa kidole gumba cha kushoto, ambacho mkasi wa bati ulikula nusu. Akasema majina yanajulikana sana, ni wao hawakuuliza.

Maandishi yale ya kijivu yalikata picha nzima. Kwa fundi wa kwanza yalipita ukutani juu ya kichwa, kwa wa mwisho yalipita kwenye aproni. Usoni yalimwangukia Muturi peke yake. Wangeweza kuyasogeza kidogo tu. Hakuna aliyeona haja.

Wacuka alikuwa na presha ya macho. Giza lilikuwa linamwingia kutoka pembeni likielekea katikati, na daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba likifika katikati mwanga hautarudi. Picha zao zote za ujana ziliungua Mathare, katika ule moto uliowafanya wahamie Umoja. Alikuwa anakumbuka kofia ya mumewe, anakumbuka sauti na kikohozi chake, lakini uso ulikuwa umemtoka. Alikuwa ameshamwambia Nyawira kwamba hana kingine anachotaka kuona. Akiuona ule uso mara moja, macho yaende zao.

Kwa hiyo jioni ile aliposikia kikohozi sebuleni, alitoka chumbani akishika ukuta, akajipeleka hadi mbele ya kiti.

"Baba Nyawira," akasema, "mbona umejifunika?"

Muturi akasema si yeye, ni wao. Alieleza kwamba ukurasa ukifunguliwa naye hufunguka, ukifungwa hurudi, na kwamba ameruhusiwa kutazamwa bali si kuchukuliwa. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba ya maji. Kisha akauliza kama kuna chai.

Walijaribu kumsafisha. Nyawira alianza na sabuni ya kipande na maji aliyoazima kwa Mama Jacklyne, jirani wa mlango wa pili. Kisha akajaribu mafuta ya taa. Muturi mwenyewe, akiwa fundi, alishauri tina, ile ya kutolea rangi kwenye mabati, akainamisha kichwa asuguliwe hadi ngozi ya shingo ikawa nyekundu. Herufi hazikufifia hata kidogo. Mama Jacklyne alikuja kudai beseni lake, akamsalimia mzee, akamtazama vizuri.

"Hiyo haitoki na sabuni," akasema. "Hiyo ni mambo ya ofisi."

Nyawira akafunga kazi yake ya cherehani siku nzima akaenda ofisi za makumbusho, na baba yake akaenda naye, ukurasa ukiwa wazi kwenye simu mkobani. Walipokelewa na Bwana Kivuva, afisa anayesimamia mambo ya dijitali, kijana mpole mwenye kikombe kilichoandikwa jina la jumba. Kivuva alimpa Muturi mkono, akamwita mzee, akamvutia kiti. Kisha akafurahi. Alisema hii ndiyo maana hasa ya mradi: picha iliyokaa kabatini miaka na miaka haijaonwa na mtu, leo imefika hadi Umoja. Waliokuwa mbali na makumbusho wameletewa makumbusho nyumbani.

Nyawira alikubali kwamba imefika. Akaomba waondoe maandishi.

Kivuva alisema maandishi yanalinda picha isiibwe. Nakala isiyo na maandishi hupewa familia ya aliye pichani, tena bure kabisa, mradi ithibitishe kwamba aliye pichani ni wao. Nyawira akauliza inathibitishwaje. Kwa kawaida, Kivuva akajibu, watu huleta picha nyingine ya mtu huyo, inayoonyesha uso, ili ilinganishwe.

"Ningekuwa na picha nyingine ya uso wake," Nyawira akasema, "ningekuwa nimekuja kufanya nini hapa?"

Kivuva alikiri kwamba ni swali zuri. Nyawira akamwonyesha baba yake, huyu hapa, amekaa, muulize mwenyewe. Kivuva akamgeukia mzee kwa heshima zote na kusema kwa masikitiko kwamba mfumo unamsoma kama kifaa cha hazina, na kifaa cha hazina hakiwezi kutoa ushahidi. Muturi alikohoa. Alisema yeye sanduku alilitengeneza, ila hajawahi kuwa sanduku. Kivuva aliandika maoni hayo.

Inaudhi kuzungushwa na mtu mkali. Kuzungushwa na mtu mpole kunachosha hadi mifupa. Mkali utamtukana moyoni ukapoa. Kivuva aliwasindikiza hadi langoni na kuwashukuru kwa kuja.

Langoni askari alimzuia Muturi. Alikagua maandishi usoni, akasema kitu chochote cha makumbusho hakitoki bila kibali. Hakuwa na ubaya, alikuwa anafanya kazi yake. Ikabidi Nyawira afunge ukurasa, atoke peke yake, apande gari, na kumfungua baba yake tena akifika nyumbani. Mama yake alikuwa ameshavaa gauni lake la kanisani, akingojea uso.

Wiki zikapita. Nyawira alipiga simu, akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Aliandika maoni kwenye tovuti, na tovuti ikamshukuru kabla hajamaliza. Kila jioni Muturi alikuja na sanduku lake, akanywa chai, akasikiliza habari za mtaa, na Wacuka akaketi mbele yake, magoti yakigusana, akitafuta upenyo. Kati ya herufi na herufi palikuwa na nafasi ndogo. Siku moja aliona kipande cha shavu. Siku nyingine alidhani ameona jicho, kumbe ni tundu la herufi O.

Kisha Kivuva akapiga simu mwenyewe, kwa furaha. Wamesikiliza maoni ya wananchi, alisema, wameboresha. Nyawira akafungua ukurasa papo hapo. Picha sasa ilikuwa kubwa maradufu, ukitaka unaivuta mpaka uone uzi wa shati. Maandishi nayo yalikuwa yamekua maradufu. Muturi aliingia jioni ile akiwa ameinama kidogo, kwa sababu herufi ya kwanza ilikuwa inagonga fremu ya mlango. Nyawira aliingia jikoni akalia kwa hasira, akageuza ugali.

Mvua za masika zilipoisha, giza lilifika katikati ya macho ya Wacuka. Aliamka asubuhi akauliza kama stima zimepotea.

Jioni hiyo alimwomba Muturi asogee. Akampapasa usoni, polepole, kutoka paji la uso hadi kidevuni. Hakuhisi ngozi. Alihisi kingo za herufi, ngumu, zilizoinuka. Wacuka alisoma gumbaru akiwa mtu mzima, kanisani, na herufi zake zote bado alikuwa nazo. Alizifuata kwa kidole moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho.

"Mali ya makumbusho," akasema. "Nyawira, niletee cutex yangu."

Kila mwanamke wa Umoja anajua kazi ya cutex nyekundu. Kupaka kucha ni ziada. Unaandika herufi zako chini ya sahani na sufuria, ili ukiazimisha vyombo kwa harusi au matanga, virudi kwa mwenyewe. Vyombo vya Wacuka vilikuwa na W.M., Wacuka wa Muturi, na vilikuwa vimezunguka mtaa mzima bila kupotea hata bakuli.

Nyawira alishika mkono wa kushoto wa baba yake ukatulia. Wacuka alitafuta kile kidole kifupi, na juu yake, nyuma ya kiganja, akaandika W.M. kwa brashi ndogo. Herufi zilikwenda upande, lakini zilisomeka. Muturi alizipulizia zikauke.

Kesho yake zilionekana pia pichani, nyekundu, katikati ya weusi na weupe wote. Na keshokutwa hazikuwepo. Kivuva aliandika kwa upole kwamba wataalamu wamegundua uchafu kwenye picha na wameusafisha vizuri. Kumbe kusafisha wanajua. Majina, chini pale, bado hayajulikani.

Muturi anaendelea kuja. Maandishi ya kijivu hayajapungua, na uso wake Wacuka hakuuona. Mzee akishaketi na kushika kikombe, mkewe humshika mkono wa kushoto na kuupapasa. Hukuta wamefuta tena. Humwambia Nyawira alete chupa, na huandika upya.