Vinyoya vya Mama Satinem

Kila Idi, Retnaningsih, Ning kwa kifupi, alipiga magoti mbele ya Wuryani, akalaza paji la uso juu ya goti lake, akasema maneno ambayo mji mzima wa Tegal huyasema siku hiyo: "Nisamehe, Dada, makosa ya nje na ya ndani." Na kila Idi Wuryani alimpapasa bega akamjibu, "Haya inuka, kuku anapoa."

Ilimchukua Ning miaka thelathini na miwili kukiri kwamba hilo si jibu. Wengine wote waliambiwa "nimekusamehe, nawe unisamehe." Yeye anapewa habari za kuku! Bingwa mzima, mwanamke wa kwanza wa nchi yake kuleta kombe la badminton kutoka ng'ambo, picha yake ilibandikwa mpaka kwenye vibanda vya vinyozi, na hakuwahi kujiuliza. Au alijiuliza, akajifanya hamnazo. Mimi nasema alijifanya.

Mwaka huu hakuweza tena. Mkuu wa wilaya alikuwa amejenga ukumbi wa michezo, bati jipya, sakafu inang'aa, na siku ya tano baada ya Idi ungefunguliwa kwa jina la Retnaningsih. Kadi ya mwaliko ilipofika Ning aliisoma mara moja tu, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Dada Wur," alisema asubuhi ya Idi, jikoni kwa Wuryani, paji la uso likiwa bado gotini. "Lile pambano la Semarang. La mchujo."

"Kuku anapoa, Ning."

"Aache apoe! Nilivikunja vile vinyoya."

Mkono wa Wuryani ulibaki begani pale pale. Haukupapasa, haukuondoka.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa sitini na moja chama kilitaka mwanamke mmoja tu wa kwenda kucheza ng'ambo, na waliobaki kwenye mchujo walikuwa hawa wawili, wa nyumba moja. Ning hakuwa na mama. Alilelewa na mama yake Wuryani, Mama Satinem, fundi wa vinyoya vya badminton, vile vipira vya manyoya vinavyopigwa kwa raketi, na alikulia sakafuni kwake akichambua manyoya ya bata bukini, la kushoto huku, la kulia kule. Wuryani alikuwa na mkono: akishindilia, mpinzani anasikia tu upepo. Ning alikuwa na miguu, basi.

Siku ya pambano, kwa kuwa yeye ndiye mdogo, alitumwa kuleta vinyoya. Alipita nyuma ya choo, akafungua kopo, akapitisha ukucha kwenye ncha za manyoya na kuzikunja kwa nje. Kidogo tu, kimoja kimoja, vyote kumi na viwili. Kinyoya kilichokunjwa hivyo hushika hewa, kinachoka kabla ya safari kuisha. Kukunja si kosa, ukikunja mbele ya mwamuzi naye akaridhia. Nyuma ya choo hakukuwa na mwamuzi.

Mapigo ya Wuryani yakafia njiani. Ning akayafuata mbiombio, akarudisha, akarudisha, mpaka akashinda. Na watu wanavyopenda kusema! "Vinyoya vya Satinem vibovu hivi! Kamharibia mwanawe mwenyewe!" Chama kikaacha kabisa kumwagizia kazi. Ning akapanda ndege, akacheka mbele ya kamera.

Lakini hilo la ndege silo lililomnyima raha. Idi iliyofuata, Mama Satinem alipopokea magoti ya watoto, naye, mtu mzima vile, aliinama akamshika Wuryani mikono. "Mwanangu, nisamehe. Mikono yangu hii ndiyo iliyokukosesha." Ning alikuwa nyuma kwenye foleni, anasikia kila neno. Na Idi ya pili yake akasikia. Idi kumi na nne, mpaka mama akafa, Ning alisikia, akainamisha kichwa, zamu yake ikafika, akaomba msamaha wa jumla jumla kama kila mtu, akapewa sahani. Aibu hiyo ilimla, na alistahili kuliwa.

"Nilijua," alisema Wuryani. "Nilipookota cha tatu nikaona alama za ukucha. Mimi mtoto wa vinyoya, we ulinionaje?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Nilimwambia mama. Akanizaba kibao. 'Ning? Ning huyu aliyelala kwenye mkeka wangu? Usimsingizie mtoto kwa sababu umeshindwa!' Ilibidi useme wewe. Nikangoja. Kila mwaka nikangoja."

Ning alilia, machozi yakalowesha kitenge cha mwenzake. "Basi leo nimesema."

"Umesema jikoni. Kwani mama walimtukana jikoni?"

Siku ya tano ukumbi ulijaa. Ning alishika maikrofoni, akasema: "Jina hili silistahili. Nilimshinda Dada Wuryani kwa hila."

Wakapiga makofi! Kwao huko mtu akijisema vibaya anaongezewa sifa. Mwanamke mmoja wa mbele alifuta machozi. "Mnaona, ndugu zangu?" alisema mkuu wa wilaya. "Bingwa, na bado mnyenyekevu!"

Ning aliona uso wa Wuryani kwenye safu ya tatu, mkavu. Akaweka maikrofoni chini. Mezani kulikuwa na kopo la vinyoya vya ufunguzi, kazi ya Wuryani mwenyewe, aliyerithi ufundi wa mama. Alitoa kimoja, akachukua raketi, akasimama kwenye mstari wa nyuma na kebaya yake, ile blauzi ya sherehe, akapiga. Kikaruka uwanja mzima, kikatua kule mwisho. Akatoa cha pili. Hiki alikiinua juu watu wakione, akapitisha ukucha, ncha baada ya ncha, taratibu, kisha akapiga kwa nguvu zile zile. Kilivuka wavu kwa shida, kikaanguka.

"Kumi na viwili," alisema bila maikrofoni. "Nyuma ya choo. Mama Satinem hakukosea hata unyoya mmoja. Mimi ndiye niliyekosa, na nikamwacha afe akidhani ni yeye."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa chama enzi zile alikuwa anatazama viatu vyake. Mkuu wa wilaya, kamba ya pazia la jina mkononi, alimnong'oneza msaidizi wake, "Sasa, tufunue au tusifunue?" Hawakufunua. Ning alitoka kwa mlango wa nyuma, na aliona haya mpaka kuwatazama wafagiaji.

Mwaka mzima hakutia mguu kwa Wuryani. Idi ikarudi, akaenda, akapiga magoti, akalaza paji la uso pale pale. Hakusema "ya nje na ya ndani." Alisema kosa lenyewe, kwa jina lake.

Wuryani aliweka mkono juu ya kichwa chake. "Yangu nimekusamehe, Ning. Nawe unisamehe."

Ning alingoja. Hakuinuka. "Na ya mama?"

"Ya mama simo," alisema Wuryani. "Haya inuka, kuku anapoa."