Tumbo la Mdogo Wake Profesa

Mume wangu alipoanza kushika tumbo, hakwenda kwa daktari. Alikwenda kwa dada yake, yaani wifi yangu, ambaye nyumbani tulimwita Profesa hata kabla chuo hakijampa cheo hicho. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Mume wangu ni fundi wa lifti, mtu mzima wa kubeba mota begani, lakini mbele ya dada yake hugeuka mtoto wa darasa la pili. Akiambiwa kaa, anakaa.

Niseme ukweli kabla hasira haijanipeleka mbali: Profesa si mjinga. Kazi yake ni kuchunguza jinsi watu wa jamii mbalimbali wanavyoumia rohoni na namna wanavyolieleza jambo hilo. Vipimo vilivyotungwa ng'ambo, anasema, vinamtarajia mgonjwa aseme wazi kwamba amehuzunika. Watu wetu hawasemi hivyo. Wanasema kichwa kinagonga, mwili unawaka, mgongo umekufa ganzi. Wanapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani na msiba wao uleule. Amezunguka zahanati nyingi akiwafundisha wauguzi wasiishie kuuliza panauma wapi, waulize pia nyumbani kuna nini. Jirani yangu aliyeteswa na kichwa kwa miaka aliulizwa hivyo, akalia mchana kutwa, na leo anacheka kuliko mimi. Kwa hiyo tulimwamini, hata mimi mwenye mdomo.

Siku hiyo tulimfuata ofisini kwake chuoni. Ilibidi ahamishe rundo la tasnifu za wanafunzi ili nipate kiti.

"Linaniuma hapa, dada," mume wangu alisema, kidole kikiwa chini ya mbavu. "Nikila linauma, nisipokula linauma."

Profesa hakulitazama tumbo. Alimtazama usoni, kwa ule upole wake wa kazini.

"Tangu baba afariki, umelia?"

"Hapana."

"Unaona, mdogo wangu?"

Mume wangu aliona. Baba yao alifariki wakati wao wawili, baba na mwana, hawasemeshani, kwa ugomvi wa kipuuzi ambao hata chanzo chake kilikuwa kimesahaulika. Jibu lilikuwa tayari limekaa pale, likisubiri swali. Profesa akampeleka kwa mwenzake, mshauri nasaha, chumba cha tatu kutoka chake. Kila wiki mume wangu alivaa shati la pasi akaenda kumzungumzia baba. Alirudi macho mekundu, akisema anajisikia mwepesi. Na kweli alikuwa mwepesi, maana suruali zilianza kumvuka.

Nikampigia simu Profesa.

"Wifi, huyu mtu anakwisha. Nataka nimpeleke hospitali wampige picha."

"Ukimpeleka watamjaza vidonge, naye atapata pa kujificha. Amekaribia kufunguka. Mpe muda."

"Muda gani tena? Mkanda wake nimeutoboa tundu jipya kwa msumari."

"Huzuni inakondesha, wifi yangu. Nimewaona wengi."

Utabishana vipi na mtu huyo? Kila nililolitaja, kukonda, kukosa usingizi, kusukuma sahani pembeni, lilikuwa ushahidi wake yeye. Nilimgeukia mwenye tumbo, akaniambia dada anajua kazi yake. Nilipiga kelele sana katika nyumba ile. Lakini kelele za mke kati ya ndugu wawili waliolelewa pamoja ni sawa na redio. Watu wanapunguza sauti tu na kuendelea na mazungumzo.

Alianguka kazini, kwenye chumba cha mitambo juu ya jengo la ofisi. Wenzake wakamshusha kwa lifti aliyokuwa akiitengeneza, wakamkimbiza hospitali bila kumuuliza mtu ruhusa. Picha ikapigwa. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alituita mimi na Profesa kwenye korido. Alisema kuna uvimbe tumboni na umeshafika kwenye ini. Kama angeletwa maumivu yalipoanza, wangejaribu kuukata. Sasa wangeweza kumpunguzia maumivu tu.

Mimi nilikuwa na maneno ya kumwambia Profesa. Tangu simu ile nilikuwa nimeyapanga, makali kweli, na nilitaka ayasikie mbele ya watu. Ila saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imefika na mlango wa wodi ukafunguliwa.

Mume wangu alikuwa macho. Dawa ilikuwa imemtuliza. Alimtazama dada yake, aliyesimama upande wa miguuni ameshika chuma cha kitanda.

"Dada, naogopa," alisema. "Nina huzuni sana."

Profesa akashtuka mzima mzima. "Panauma wapi?" Akaja mbio, akavuta shuka, akaanza kumbonyeza ubavuni. "Hapa? Au hapa? Dawa imeisha nguvu, wanampa kidogo. Namwita nesi."

"Hapaumi, dada."

"Usinifiche. Onyesha panapouma."

"Hapaumi popote. Nina huzuni tu."

Tayari Profesa alikuwa njiani kwenda mlangoni, akiita nesi kwa sauti iliyowageuza wagonjwa wa vitanda vingine. Nikamshika mkono. Yale maneno yangu yote makali yakanitoka kichwani, sijui yalikwenda wapi. Nilikuwa bado nimemkasirikia. Nimemkasirikia hadi leo.

"Ameshakwambia, wifi," nikasema. "Njoo ukae."

Nikamvutia kiti. Akakaa, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na swali. Mume wangu akaanza kusema. Hakumtaja baba hata mara moja. Alisema hataki kuniacha, akalirudia hilo mara nyingi, na dada yake akamsikiliza.