Mistari Iliyosimama

Watu wengi wanadhani uchafu wa dirisha unatoka nje. Wanaona vumbi la barabarani na kinyesi cha ndege, wanasema lo, kazi anayo yule anayening'inia kwenye kamba. Hawajui kwamba upande wa nje una msaidizi wake, naye ni mvua, na upande wa ndani hauna mtu. Ndani kuna pumzi za watu mia tatu wanaopanda na kushuka tangu asubuhi. Kuna mvuke wa chai, kuna mafuta ya nywele ya wale wanaoegemea kioo wakiongea na simu, na kuna vumbi la zulia ambalo likipata unyevu kidogo tu linaganda kama utando wa maziwa. Utando huo hautoki kwa mvua wala kwa dua. Unatoka kwa mkono, na katika jengo lile la ofisi mkono wenyewe ulikuwa wa Twiga.

Twiga ni jina alilopewa na wapishi wa kantini, kwa sababu ya urefu na shingo, na pia kwa sababu kila ukimtafuta unamkuta kichwa kiko juu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, goti la kushoto bovu, ulimi mkali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefuta vioo vya ndani vya jengo zima, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa dirisha la vidatoni, pale watu wanapopandia ghorofani: kioo kitupu cha ghorofa tatu kwenda juu, na chini yake vidato vya zege vinavyopinda. Pale mashine haiingii, na jukwaa la vyuma halipati pa kusimama. Njia ni moja tu. Unasimamisha ngazi ya aluminiamu pale vidato vinapokata kona, unairefusha mpaka mwisho wake, unaiegemeza kwenye upau wa chuma, halafu mmoja anashika chini na mwingine anapanda. Anayeshika haachii hata akipigiwa simu na mama mkwe.

Aliyekuwa akimshikia ngazi ni mdogo wake, tumbo moja, ambaye wafanyakazi walimwita Buibui kwa kuwa yeye ndiye aliyefuta nje, kwa kamba. Mama yao alifariki Buibui akiwa na miaka minne na Twiga kumi na sita. Dada akamfunga mgongoni, akaosha vyombo vya watu naye akiwa pale pale mgongoni. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi Buibui kilipofungwa, Twiga ndiye aliyemwombea nafasi hapo, na Twiga ndiye aliyemfundisha kushika mpira, maana kile kipande cha mpira chenye mpini cha kukokotea maji ya sabuni hakimtii kila mtu.

"Ndani tunavuta kushuka," alimwambia siku ya kwanza. "Nje utavuta kwenda kando. Usichanganye."

Sababu yake ilikuwa ya maana. Mstari wa sabuni ukishakauka juu ya kioo unaonekana pande zote mbili, na kwa mbali hakuna jicho linaloweza kukuambia uko upande gani. Watu wawili wanaofuta kioo kimoja wanaweza kushikana mashati mpaka jioni kwa ajili ya mstari mmoja. Lakini kila mmoja akiwa na mwelekeo wake, hakuna ugomvi. Mstari uliosimama ni wa ndani, uliolala ni wa nje, na mwenyewe anapanda kuufuta.

Jambo hilo lilikuwa lao wawili tu, mpaka mwezi wa pili wa Buibui kazini, msimamizi wa jengo alipoona michirizi kwenye dirisha na kutaka kumfukuza hapo hapo. Twiga akaingilia kati. "Bosi, angalia vizuri. Hiyo imesimama. Ya kusimama ni yangu." Akamweleza utaratibu wote. Msimamizi akacheka, akasema leo amejifunza kitu, na Buibui hakumwaga unga. Alipotoka nje alimkumbatia dada yake mbele za watu, mtu mzima mwenye watoto watatu, machozi yakimlenga.

Hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita.

Jumatatu ya wiki tunayoisimulia, msimamizi aliwaita wote wawili ofisini. Kuanzia mwezi ujao, alisema, jengo litabaki na mfutaji mmoja wa vioo, ndani na nje. Ijumaa saa tano atapita kuangalia dirisha la vidatoni, kwa sababu saa sita kuna wageni wakubwa. Hakusema zaidi. Hakuhitaji, kila mmoja alielewa kwamba Ijumaa ni siku ya mtihani.

Twiga hakulala vizuri wiki ile. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Akitoka pale alikuwa hana mbele wala nyuma, maana nani angempa ngazi mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye goti linalolia kama bawaba? Aliitaka kazi ile, na hakujidanganya moyoni mwake: aliitaka hata kama aliyesimama upande wa pili ni mdogo wake. Mchana walikula pamoja kantini kama kawaida, wakazungumza habari za sabuni mpya, wakaisema sana ile sabuni kuliko ilivyostahili.

Alhamisi Twiga alifuta ndani, kipande kwa kipande, na Buibui akamshikia ngazi tangu asubuhi mpaka saa tisa. Alipomaliza alirudi nyuma, akainama, akachungulia pembeni, akachungulia kwa chini. Kioo kilikuwa safi mpaka ndege angejigonga. Ijumaa alfajiri Buibui alishuka kwa kamba, akafuta nje.

Saa tano msimamizi akaja, mikono nyuma, miwani puani. Jua lilikuwa linapiga dirishani moja kwa moja. Akatazama chini, akatazama katikati, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatazama juu kabisa, akanyoosha kidole.

"Ile nini?"

Twiga aliiona papo hapo. Michirizi mitatu ya sabuni, myeupe, mirefu kama mkono wa mtu, karibu na upau wa juu. Ilikuwa imesimama wima.

"Imesimama," alisema msimamizi, na alionekana kufurahi kwamba bado anakumbuka. "Ya kusimama ni yako, mama. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Twiga alitazama tena. Aliijua kazi yake. Pale juu alikuwa amepita mara mbili, na mara ya pili kwa kitambaa kikavu. Lakini macho hayakumdanganya, na labda uzee ulikuwa umeanza kumchezea. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nitaitoa sasa hivi, bosi. Dakika tano."

"Acha, Dada," Buibui alidakia haraka. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi, ambayo ilikuwa bado imeegemezwa pale tangu jana. "Nipande mimi. Goti lako hilo."

Neno lile lilimgusa Twiga. Hata siku kama ile, alijiambia, huyu anafikiria goti langu. Lakini msimamizi alisema mwenye mistari apande mwenyewe, yeye ana wageni, hana muda wa kubadilishana zamu. Buibui akashusha mguu. Akashika ngazi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Twiga alipanda. Kipandio cha kwanza mpaka cha kumi goti lilikubali, baada ya hapo alilivuta kama mzigo wa mtu mwingine. Alipofika juu alipitisha mkono kwenye kipandio, akachomoa kitambaa kiunoni, akafuta mchirizi wa kwanza. Haukutoka. Akapuliza pumzi, akafuta tena kwa nguvu. Haukusogea. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, polepole, toka juu mpaka chini. Ukucha uliteleza. Hapakuwa na kitu. Kioo kilikuwa laini na baridi na safi, vile vile alivyokiacha jana.

Mistari ilikuwa nje.

Alirudia kwa ukucha mwingine, si kwa sababu hakuamini kioo, bali kwa sababu hakutaka kuamini maana yake. Mkono wa nje haukokoti kwenda chini kwa bahati mbaya, si baada ya miaka mitano ya kukokota kwenda kando. Mtu ananing'inia kwenye kamba, anachovya mpira kwenye sabuni, anaupeleka chini mara tatu kwa makusudi, kisha anakaa hapo hewani kusubiri ikauke. Twiga alitazama chini. Kutoka kule juu hakuiona sura ya mdogo wake. Aliona utosi wake tu, na ule upara mdogo uliomwanza mwaka jana, ambao alikuwa akimtania kwamba ni wa kufikiri sana.

"Vipi, imetoka?" msimamizi aliuliza.

Angeweza kusema haitoki leo, akambebea mdogo wake lawama. Wapo madada wa namna hiyo, na watu wanawasifu sana wakishakufa. Twiga hakuwa mmoja wao.

"Haitoki kwa sababu haiko huku!" Sauti yake iligonga kuta zote tatu. "Mistari iko nje, bosi! Mimi niko safi. Kaivuta huyu hapa, kaisimamisha kusudi, anichongee. Muulize! Muulize hapo hapo mbele yangu!"

Watu wawili waliokuwa wakipanda walisimama. Buibui hakuinua kichwa. 

Msimamizi alivua miwani, akaifuta kwa tai. Hakukasirika. Hakushangaa hata.

"Mama, mimi ndani na nje hainihusu," alisema. "Nataka kioo kisafi wageni wakifika. Hayo mambo yenu ya nyumbani msiniletee. Na hata hivyo barua zimeandikwa tangu Jumatatu. Anayebaki ni huyu, anaweza kamba. Nani alikuambia nachagua mtu kwa mistari?" Akamgeukia Buibui. "Panda paa, ukaitoe. Haraka."

 Buibui akaachia ngazi.

Ndivyo Twiga alivyobaki juu ya ngazi ndefu bila mtu chini yake. Msimamizi alikuwa ameshaondoka, simu sikioni. Watu walipanda na kushuka, wakiikwepa ngazi kama wanavyokwepa ndoo. Aliita mara moja, karani mmoja akamjibu anachelewa kikao. Basi akakumbatia kipandio na kungoja, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyomfundisha kila mtu: bila mshikaji hakuna kushuka.

Baada ya robo saa viatu vilitokea upande wa pili wa kioo, kisha magoti, kisha kiuno chenye mkanda wa kamba, kisha uso. Wakawa ana kwa ana, umbali wa shubiri moja, na hapakuwa na mmoja anayeweza kwenda popote. Buibui alichovya sponji, akapaka, akavuta mpira kwenda kando mara mbili. Michirizi ikaondoka. Akabaki ameushika mpira, akaanza kusema kitu. Kioo kilikuwa kinene, sauti haikupita. Midomo ilisema Dada, Dada, na mengine ambayo Twiga hakutaka kuyasoma.

Akaamua kushuka.

Buibui alipoona mguu wake unatafuta kipandio cha chini alianza kupiga kioo kwa viganja. Alitikisa kichwa, alionyesha kwa kidole, subiri, nakuja. Twiga alishuka. Katikati ya njia ngazi iliteleza kwenye upau kwa upana wa kidole. Alisimama, akahesabu pumzi, akaendelea. Miguu ilipogusa zege akakaa kwenye kidato, mikono juu ya goti.

Bado alikuwa amekaa pale Buibui alipoingia mbio, mkanda ungali kiunoni.

"Dada, ungekufa!"

"Ungepata ngazi yote peke yako."

Buibui alisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu. "Watoto watatu, Dada. Nilijua kwa kazi sikushindi. Nilijua watakuchagua wewe tu."

"Kumbe walishakuchagua wewe."

"Sikujua."

"Hukujua," alisema Twiga. "Ulinichinja bure."

Buibui aliketi kidato cha chini yake.  Kisha akauliza, polepole, bila kumtazama: "Na ningekuomba? Ningekuja nikakuomba uniachie, ungeniachia?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno hilo lingemkaa mdogo wake kooni maisha yake yote, na alistahili. Lakini Twiga alilipima, akaona hana nguvu za uongo siku ile.

"Nisingekuachia," alisema. "Ningeipigania mpaka mwisho. Ungeshinda ningenuna wiki nzima, halafu ningekuja kwako kula na watoto, nikakusema mbele ya mkeo."

Buibui alifuta uso kwa mkono wenye sabuni. Macho yakawa mekundu.

"Basi njoo Jumapili," alisema. "Njoo hii hii, Dada. Nitamwambia mama watoto akupikie."

Twiga alijiinua kwa kushika ukuta. Alikusanya ndoo na vitambaa vyake, akavipanga pembeni kama anavyovipanga kila siku.

"Jumapili sitaweza," alisema. "Nina kazi."

Wote wawili walijua hana.